Kitu Kilichokuwa Juu ya Paa la Jirani

Video ile nilionyeshwa nikiwa nimeinama juu ya karai la mafuta, kijiko cha matundu mkononi, mandazi ya mwisho yakianza kushika rangi. Aliyenionyesha alikuwa mwendesha pikipiki wa barabara yetu, mtu mzima mwenye mke na watoto, ninayemjua tangu enzi alipokuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Alinisogezea simu usoni karibu mno, hata nikaogopa itadumbukia kwenye mafuta. Akaniambia nitazame kwanza, maswali baadaye.

Nilitazama. Katikati ya giza kulikuwa na duara jeupe lenye kuelekea rangi ya buluu, kubwa kama sahani, na upande wake wa chini lilikuwa na pengo, kama chapati iliyong'atwa mara moja. Duara lile lilikuwa linavimba na kunywea, linavimba na kunywea, kama kifua cha mtu aliyetoka mbio. Kando yake kidoa cha kijani kilikuwa kinarukaruka: duara likienda kushoto, chenyewe kinakwenda kulia, duara likishuka, chenyewe kinapanda. Chini kabisa ya picha ulionekana mgongo wa paa la mabati, antena ya televisheni, na barza, yaani kibaraza cha mbele, yenye taa ndogo. Paa hilo nililijua vizuri, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekaa chini yake.

"Droni," alisema. "Iko juu ya nyumba ya huyu muntu wako. Nimeipiga sasa hivi, pale kwenye kona."

Muntu wangu maana yake mwenye duka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa mshahara wa mwalimu haujawahi kumshibisha mtu, jioni nakaanga mandazi kwenye barza ya duka lake, hapa Kasuku, katika mji wa Kindu. Yeye ni mtu wa Butembo, mji wa mashariki. Alikuja na misumari, simenti, sabuni na mabamba ya sola, akapanga nyumba hii, duka mbele na chumba chake nyuma, akatulia. Mke na watoto aliwaacha kwao kwa ajili ya shule. Yeye ni Mkristo wa kusali sana, mimi ni Mwislamu wa kusali inavyowezekana, na kila Ijumaa na kila Jumapili tulikuwa tunataniana juu ya jambo hilo. Ndiye aliyenipa ile taa ndogo ya sola niiweke karibu na karai, nisije nikawauzia watu mandazi yenye wadudu. Hatukuwa ndugu. Alikuwa jirani mwema, na siku zile jirani aliyetoka mashariki alikuwa ameanza kutazamwa kwa macho mapya.

Maana vita vilikuwa vimerudi. Miji ya huko, ambayo sisi tuliijua kwa viazi, maharagwe na jibini, ilikuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine, na redio ilikuwa inataja ndege ndogo zisizo na rubani zinazokuja gizani. Kindu haikuwa imeguswa. Lakini Kindu ina uwanja wa ndege, na watu wake wanakumbuka vita vilivyopita. Kila mtu alikuwa anatazama juu.

Niliacha karai, nikashuka kwenye barza, nikaenda hadi katikati ya barabara na kugeuka. Mvua ya mchana ilikuwa imesafisha anga, umeme haukuwapo kama kawaida yake, na juu ya mgongo wa paa, upande wa machweo, kulikuwa na nyota. Nyota moja kubwa, nyeupe, imetulia tuli. Babu yangu alikuwa akiiita Zuhura, na alikuwa akiitafuta kwa macho kila akitoka kuswali magharibi. Nilimwambia mwendesha pikipiki kwamba hiyo ni nyota, aende akale.

Alinitazama kwa huruma. Akasema macho hayafiki mbali, simu ndiyo inayovuta kitu na kukileta karibu. Kwa macho hata yeye alikuwa ameona nyota tu. Alipovuta kwa simu ndipo kitu kilipoonyesha umbo lake. Nyota ina pengo? Nyota inapumua? Nilimwuliza video hiyo ameipeleka wapi. Akasema kwenye grupu la avenyu, yaani la barabara yetu, na kwenye grupu la wenzake wa pikipiki, na kwa shemeji yake. Nilijua jambo hili linakwenda wapi. Nilikuwa nimeliona mara moja maishani mwangu, wakati ambapo hakuna mtu hapa aliyekuwa na simu.

Katika miaka ile ya vita nilikuwa msichana wa sekondari ambaye shule yake imefungwa. Tulikuwa tunakaa karibu na depo ya reli, kwa kuwa baba yangu alikuwa mtu wa reli. Treni zilikuwa zimeacha kuja na nyasi zilikuwa zimeota katikati ya vyuma, lakini yeye aliendelea kwenda depo kila jioni kuyazungukia mabehewa kana kwamba ni mbuzi wake. Alikuwa na taa ya kazi, yenye kioo chekundu upande mmoja na cha kijani upande mwingine. Mafuta ya kuiwasha hayakuwapo. Aliibeba tu, kwa mazoea.

Mji ulikuwa umezingirwa. Walioushika walikuwa ndani, wapiganaji wa msituni walikuwa nje, na sisi tulikuwa katikati tukila sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Amri ilikuwa hakuna mwanga nje baada ya jua kuzama. Kwa hiyo tulipika mapema, tukaumwagia moto majivu, na mtoto mwenye homa alinyweshwa maji gizani kwa kupapasa mdomo wake. Mtu akisahau akawasha kiberiti uani, jirani alikohoa kwa nguvu ng'ambo ya ukuta, naye akakizima. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu.

Kisha yakaanza maneno kwamba jioni kuna taa inaonekana juu ya depo. Inawaka, inatulia, halafu inashuka polepole nyuma ya mabehewa. Askari wa kituo cha mtoni walisema kuna mtu anawapa alama wale wa msituni. Nani ana taa depo? Kila mtu alijua nani ana taa depo. Walipokuja kuuliza, hakuna jirani aliyesema kwamba alimwona baba yangu kwa macho yake. Kila mmoja alisema alisikia kwa mtu aliyemwona, na kwa askari wale hilo lilitosha.

Walimchukua jioni, kabla hatujala. Taa walikwenda nayo pia. Mama yangu aliwafuata hadi njia panda, wakamrudisha kwa kitako cha bunduki. Kesho yake jioni alisimama uani, akatazama upande wa depo, akaniita. Juu ya mabehewa kulikuwa na mwanga mweupe, umetulia. Tulisimama pale mpaka ukashuka.

"Taa iko," mama alisema. "Mwenye taa wamebeba."

Hatukwenda kuwaambia askari. Tungekwenda kusema nini, na kwa nani? Baba hakurudi. Hatukupewa mwili, hatukupewa shati, hatukupewa hata neno. Mpaka leo sijui kama ule mwanga ulikuwa nyota hii hii. Ninachojua ni kwamba nimekasirika tangu wakati ule, hasira ya kila siku tu, kama mtu mwenye kidonda cha mguu anavyotembea nacho sokoni na kurudi.

Kwa hiyo sikungoja. Niligonga mlango wa duka. Mwenyewe alikuwa ameshafunga, yuko ndani anakula. Nikamwambia kwa ufupi: watu wanasema kuna droni juu ya paa lako, tia komeo, usitoke, usimjibu mtu. Aliuliza kama ni utani wa Ijumaa. Nilimwambia hapana, na nadhani sauti yangu ndiyo iliyomwaminisha, maana nilisikia komeo likiingia mahali pake mara moja.

Walifika kabla mafuta yangu hayajapoa. Kwanza wawili watatu, halafu ukawa umati: waendesha pikipiki, akina mama waliokuwa wakitoka sokoni, na wengine ambao sijui hata wanakaa wapi. Kila mmoja alisimama katikati ya barabara, akainua simu, akavuta picha, akaguna. Kila skrini ilikuwa na kitu chake. Kwenye simu moja kilikuwa na pembe sita, kwenye nyingine kilikuwa na mkia mrefu, kwenye nyingine kilikuwa kinacheza huku na huku kama nzi ndani ya glasi. Ungefikiri watu wanaoona vitu tofauti namna hiyo wangeanza kuzitilia shaka simu zao. Wao walisema kumbe droni ziko nyingi.

Kisha maneno yakashuka kutoka angani, yakaja kwa mwenye nyumba. Antena ile ni ya nini? Mabamba yale ya sola anamletea nani? Kwa nini mke wake hayuko hapa, kama si kwamba yeye anajua kinachokuja? Mwanamke mmoja, ambaye choo chake kimeezekwa kwa bati la duka hilo hilo, alisema tangu zamani alimwona ni mtu wa kunyamaza mno. Jiwe la kwanza likapiga paa. Halikuwa kubwa. Lilibiringika hadi ukingoni likaangukia karibu na karai langu, na hapo nikasikia hasira ikinipanda mpaka masikioni.

Nilimshika mwendesha pikipiki mkono, nikamrudisha kwenye kona aliposimama mwanzo, nikamwambia apige tena. Akapiga. Duara likaja na pengo lake, na kidoa cha kijani kikirukaruka. Kile kidoa kilikuwa kimenikera tangu mwanzo kwa jinsi kilivyofanya kinyume cha kila kitu, kama mwanafunzi fulani niliyewahi kuwa naye. Chini ya picha, kwenye barza, taa yangu ilikuwa inawaka. Nilimpigia kelele mama mmoja aliyesimama karibu nayo aifunike kwa sufuria. Aliifunika, na kidoa cha kijani kikapotea kwenye skrini. Aliifunua, kikarudi.

Nilifurahi kama mjinga. Niliwaita wote waone. Nikawaeleza kwamba kile cha kijani hakiko angani, ni taa yangu ya mandazi imeingia kwenye kioo cha simu, ikajirudisha humo ndani. Nilimwambia mama yule aifunike na kuifunua tena, tena, kama niko mbele ya ubao darasani.

"Basi njo wewe," mtu alisema nyuma yangu. "Taa iko ya kwako. Njo wewe uko unaiita."

Alikuwa anasema mimi ndiye ninayeita droni, na hakuna aliyecheka. Nimewafundisha watoto wa barabara hii, wengine nimewafuta kamasi, na bado niliona nyuso zikinigeukia moja moja. Nilianza kueleza, na kila nilivyoeleza walinisogelea. Nilimfikiria baba yangu. Yeye pia lazima alieleza, alikuwa mtu wa kueleza mambo, na mafuta ya taa hakuwa nayo.

Aliyenitoa hapo ni shefu wa avenyu yetu, kiongozi wetu wa mtaa, mwanamume mnene aliyefika amevaa kandambili na koti la mvua, ingawa mvua ilikuwa imekatika zamani. Walimweleza wote kwa pamoja. Akainua simu yake mwenyewe, akavuta, akaona kitu chake, akarudi nyuma hatua moja. Nilimwendea upesi kabla hajasema lolote. Nilimwomba tungoje tu. Nyota haikai mahali pamoja, inazama. Hii ikizama kama nyingine zinavyozama, kila mtu aende kwake. Alikubali haraka. Nadhani alikubali kwa sababu kungoja hakukumdai aamue kitu.

Nilikuwa nimekosea hesabu. Sikufikiria tulipokuwa tumesimama. Nyota ilikuwa juu ya mgongo wa paa, na ikizama kutoka pale, sisi tulio mbele ya nyumba tutaiona inazamia wapi? Tulitazama. Polepole ule mwanga ukalikaribia bati, ukagusa antena, na kwenye simu zote duara likatanda juu ya nyumba na kuvunjikavunjika kwenye vyuma vya antena.

Wakaanza kusema inashuka kwake. Inatua. Umati ukasukumana mbele, mtu akaupiga teke mlango wa duka. Mwingine alikuwa na chupa mkononi, na niliposikia harufu nilijua si maji. Ilikuwa petroli, ile inayouzwa kando ya barabara kwa ajili ya pikipiki. Nilielewa kabisa kwamba mtu atakufa hapa sasa hivi, na watakaomwua ni watu wanaonisalimia asubuhi nikienda shule.

Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutojua ninachofanya, na naogopa, yote mawili pamoja. Nilimwambia shefu, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba kama kitu kimetua uani basi kiko uani. Twende tukakitazame, mimi, yeye na mwenye video. Tukikikuta, mfanye mnavyotaka. Shefu alitazama barabara alikotokea. Lakini kukataa mbele ya watu wote wale kungekuwa kukiri kwamba anaogopa, kwa hiyo akawaambia warudi nyuma hatua chache.

Nilimwita mwenye duka kupitia mlangoni. Nikamwita tena, nikamwambia ni mimi, afungue, tunapita tu kwenda nyuma. Sauti yake ilipokuja ilitoka chini, kana kwamba amekaa sakafuni.

"Mama, nikifungua bataniua."

"Usipofungua watachoma nyumba na wewe ndani," nilimwambia. "Fungua, papa. Mimi niko hapa mbele."

Komeo likavutwa. Shefu alimmulika mwenye duka usoni kwa simu. Alikuwa amevaa viatu na begi dogo mgongoni, na midomo yake ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa. Tulipita wanne katikati ya mifuko ya simenti, mimi nimemshika mwenye duka mkono. Umati ulibaki mlangoni. Hata waliokuwa na hasira zaidi hawakutaka kuwa wa kwanza kuikanyaga droni.

Mlango wa nyuma ulifunguka kwenye ua. Palikuwa na pipa la maji, kamba ya nguo yenye shati moja na soksi, na choo. Hapakuwa na kitu kingine. Na mbele yetu, juu ya mchikichi wa kiwanja kinachofuata, nyota ilikuwa imetulia, ndogo, nyeupe, mbali vile vile kama mwanzo.

Mwendesha pikipiki alisema imesogea, lakini alisema kwa sauti ndogo. Nilimwuliza kama utotoni aliwahi kutembea na mwezi. Kila mtoto ametembea na mwezi: ukikimbia unakimbia nawe, ukisimama unakungoja. Aliitikia kwa kichwa. Nikamwambia basi tutembee. Tulitoka kwa mlango mdogo wa ua, tukapita chini ya mchikichi, na nyota ikawa juu ya ukuta wa jirani. Tukaufikia ukuta, ikawa juu ya paa la msikiti. Shefu ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema kandambili zake hazina nguvu ya kuifuata hadi mji wa Tunda, huko mbali.

Mwendesha pikipiki alikuwa bado na pengo lake. Akasema haya, nyota, lakini ni nyota gani iliyong'atwa? Mwenye duka akamwambia apige picha ya taa ya msikiti, ile ya sola iliyo juu ya mlango. Alipiga. Simu ikahangaika, ikavuta, ikalegeza, na taa ya msikiti ikavimba ikawa duara jeupe lenye pengo upande wa chini. Akaielekeza kwenye taa ya pikipiki iliyokuwa inakuja mbali. Duara, na pengo pale pale. Shefu alimnyang'anya simu akaigeuza na kuimulika kwa ya kwake. Kwenye ukingo wa kile kioo kidogo cha kamera palikuwa pamemeguka. Hapo mwenyewe akakumbuka kwamba iliwahi kumwangukia kwenye changarawe.

Tulirudi mbele, shefu akawaeleza watu, na mwendesha pikipiki akawaonyesha msikiti wenye pengo. Wengine walicheka. Wengine walisema shefu amepewa kitu. Mwenye chupa aliondoka nayo bila kuaga, na nadhani alikwenda kuiuza. Hakuna aliyeomba radhi. Mama mmoja aliniuliza kama mandazi bado ni ya moto. Nilimwambia yameungua, akasema hata hivyo nimpe, nikampa hayo hayo.

Tangu siku ile nimejaribu mara nyingi kwa simu ya binti yangu. Jicho la simu ni dogo kuliko dengu. Gizani halijui litazame wapi, kwa hiyo linavuta na kulegeza, na nukta ya mwanga inavimba na kunywea. Mkono ukitikisika kidogo tu, nukta uliyoivuta karibu inaruka mbali. Na kile ambacho simu haikukiona inakijaza kwa kukisia. Inanoa kingo, inatia pembe, kisha inakukabidhi picha safi kana kwamba ilikuwepo huko juu. Sina ugomvi nayo. Inafanya kile ambacho mtaa wetu ulifanya miaka ile ya vita. Tofauti ni kwamba mtaa ulihitaji siku kadhaa na midomo mingi, na simu inahitaji kidole kimoja.

Jioni ile, watu walipokwisha kuondoka, mwenye duka alitoka akakaa kwenye ngazi ya barza, begi likiwa bado mgongoni. Nilimpa andazi, akalishika bila kulila. Alisema ataondoka kwa ndege ya kwanza yenye nafasi. Baadaye kidogo akasema haondoki, maana ataondoka kwenda wapi, kwao vita viko karibu kuliko hapa. Nilikuwa na aibu kwa ajili ya mji wangu, na nilimwambia hivyo.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, Butembo. Aliweka sauti nje, akailaza simu gotini. Mama alizungumza Kinande, haraka haraka, huku analia. Kinande sikijui, nilisikia tu Kindu, na tena Kindu, na droni. Yeye akawa ananitafsiria kwa sauti ya chini wakati mama anaendelea. Video imefika huko. Wenzake mama wa kusali wametumiana. Mama ameiona nyumba yenye antena, na chini ya video wameandika kwamba mwenye nyumba ni msaliti, ndiye anayeita droni. Mama hajawahi kufika Kindu, hakuijua nyumba. Alikuwa anamwomba mwanawe atoroke, avuke mto aende hata Kailo, asilale mji mmoja na mtu kama huyo.

Mama aliponyamaza ili ajibiwe, nilidhani atamwambia ukweli. Alimjibu kwa upole, maneno machache, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Kisha akanigeukia.

"Nimemuambia ile nyumba iko mbali na kwangu."

Upande wa pili mama alishusha pumzi na kumshukuru Mungu. Hilo nililielewa bila mkalimani. Halafu akauliza kitu kifupi. Mwenye duka aliitazama simu. Mama akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mtandao umekatika.

"Anauliza nini?" nilimwuliza.

Aliliweka andazi kando yake, kwenye ngazi.

"Anauliza kama mwenye ile nyumba bamekwisha kumuua."